Nyanya na Nyanya

Julai, Nyanya alifunga uzi mwekundu
kwenye nyanya iliyotangulia kuiva.
"Hii haina mlaji," akamwambia Babu Rangel
aliyeinyemelea na chumvi kiganjani.

Ikalainika, ikapasuka. Akaikamua ndani ya gilasi,
siku tatu ikachacha dirishani
hadi ikaota ukungu, jiko lote likanuka kama kiatu.
Zilizoelea akazimwaga; zilizozama akazianika
kwenye sahani, katu si gazetini:
"Gazeti hung'ang'ania mbegu kama mdai."

Kisha bahasha, kisha chupa
yenye mchele uliokaangwa mkavu, unywe unyevu.
Mwandiko ni wa Babu:
Nyekundu ya Zdravka, mwaka wa theluji mbili.

Februari hii Babu hayupo,
Rodopi yote imefungwa na barafu.
Nyanya anahesabu mbegu kumi,
anazikunja katika kitambaa kilicholowa,
anakilaza karibu na jiko la kuni.
Siku ya sita ananiita nimhesabie,
macho yake hayaoni tena vijimizizi.
Moja.
Nne.
Saba.
"Saba zinatosha," anasema. "Tatu alikula yeye."

Ananisogezea bahasha mpya na kalamu.
"Andika. Herufi zako zisijifanye zake."