Bei ya Popo

Othman, mwana wa Mbarouk, kaniletea sarafu
ndani ya kijisanduku cha buluu, cheti kimekunjwa mara nne.
Kaiweka juu ya meza yangu ya saa, baina ya gurudumu na bisibisi,
kasema: "Taja bei wewe. Hapa Wete nani mwengine anajua?"

Hayo ndiyo maneno mabaya kuliko yote
anayoweza kuambiwa mnunuzi.

Nikavaa kioo changu cha jicho.
Popo wa Pemba, mbawa wazi, kila mshipa umechorwa,
uso haujapata kuguswa na kidole.
Zilipigwa mia tatu tu, kisha muhuri wake ukavunjwa.
Imeandikwa shilingi elfu mbili:
nikienda nayo kwa muuza urojo atanipokonya bakuli
aniulize hela hii ya nchi gani.

Nikaiweka kwenye mizani ya sonara.
Fedha tupu, nikiiyeyusha leo, elfu tisini na ushei.
Hapo ndipo sakafu. Chini ya hapo ni wizi.
Lakini dari i wapi?

"Kizuri chajiuza," husema wenye maduka.
Hiki hakijiuzi wala hakijitembezi;
kinakaa gizani kinangoja mmoja wetu apatwe na wazimu.
Na wenye wazimu huu visiwani tulikuwa wanne:
Haroub wa duka la dawa kule Mkoani,
anunuaye msimu wa karafuu na kuuza msimu wa ada za skuli;
Bi Raya wa Kikwajuni, asiyegusa kitu kisicho na cheti;
Mbarouk; na mie.
Soko zima lingeenea kwenye mkeka mmoja,
mtu akipiga chafya bei inapanda.

Nikitoa laki tatu, laki tatu ndiyo itakuwa bei.
Haroub atasikia kabla ya alasiri,
na popo wake yule mwenye doa atamuuza kwa jina langu:
"Shaame katoa tatu."
Nikitoa laki na nusu, Othman atashukuru,
na kila nikifungua kijisanduku
nitamuona akishukuru.

Adimu ni hesabu ya pande mbili:
vitu vingapi, na wangapi wavitakao.
Zile mia tatu hazijaongezeka.
Ila sisi, tangu Ijumaa ile tuliyofuata jeneza,
tumebaki watatu.
Kwa hesabu, basi, popo kashuka.

Mbona mkono wangu unasema kapanda?

Miaka tisa nimeitaka hii.
Hii hasa, kwa sababu alinitangulia siku moja,
mie nimelazwa na homa,
na kila Idi akija nayo barazani kwangu, akiifunua nusu
kama mtu afunuaye chungu asitake mvuke utoke,
akiifunika tena.
Nikiinunua leo, nimuoneshe nani?

Othman akatoa daftari la baba yake.
Mbarouk alikuwa karani wa bandari,
kwake hakikupotea kitu bila habari.
Ukurasa wa kumi na nne, wino wa kijani:
"Popo. Nimelipa 185,000. Ghali."
Na chini yake, mwandiko wa juzi, wa mkono unaotetemeka:
"Shaame atatoa laki mbili na nusu. Simuuzii.
Nikiondoka, mwacheni ataje mwenyewe.
Nataka kujua."

Nataka kujua! Mtu yuko kaburini, bado anapatana bei!
Nikacheka mpaka kioo kikaanguka jichoni.
Nikakiokota, nikakifuta kwa kanzu, nikakivaa tena,
ukungu ukawa pale pale.

Nikamwambia Othman uzito. Nikamwambia sakafu na dari.
Nikampa simu ya Haroub na ya Bi Raya,
na kiasi atakachosema kila mmoja wao,
na kwamba wakisikia mie sinunui watashusha.
Akasikiliza, huku akizitazama saa zangu za ukutani
ambazo hakuna hata mbili zinazokubaliana.
"Na wewe?"

Laki mbili na nusu, nikasema.
Kisha nikatia mkono mfukoni
nikaongeza mia moja, ile ya kila siku, iliyosagika nembo,
ili Mbarouk asiwe kapatia.