Karatasi ya Kutokea

Dola mia mbili na kumi na nane:
bei ya kupasuliwa, na nyuzi, na serumu,
na usiku ule umeme ulipokatika Kadutu nzima
daktari akamtoa mwanangu kwa mwanga wa simu.

Sikuwa nazo. Baba mtoto alikuwa Kamituga,
shimoni, au hakuwa popote.
Basi wakanihamishia chumba cha nyuma,
chumba cha waliopona na hawaendi.
Tulikuwa kumi na mmoja, na vitoto,
na beseni moja.

Mimi si mtu wa kukaa.
Alfajiri, mshono ukiniuma bado,
nilipiga deki korido,
nikafua shuka zenye damu za wengine,
nikachora ukutani kwa mkaa:
mstari mmoja, nusu dola.
Bei nilijipangia mwenyewe.
Hakuna aliyenituma, hakuna aliyekubali.
Kila jioni nilipiga hesabu,
na kila asubuhi Mama Cibalonza, keshia,
aliongeza dola mbili za kitanda.

Siku ya arobaini akaniita dirishani.
"Nsimire, fakitire yako imelipwa."
Nikamwambia, usinichezee, mama, maziwa yananiuma.
Akapitisha karatasi chini ya kioo:
muhuri wa buluu, wino haujakauka.
Nikaikunja, nikaifunga kwenye ncha ya kitenge,
nikarudi kufua.

Siku tatu.
Siku tatu nilifua nikiwa huru,
nikala uji wa waliozuiliwa nikiwa huru,
nikamkwepa mlinzi kwa aibu ya deni
ambalo halipo.

Si ukuta ulionishika.
Nilikuwa natafuta mstari wangu ndani ya malipo yale,
angalau nusu dola, angalau shuka moja
iliyochangia.
Haikuwemo.

Ndipo Mama Cibalonza akaniambia, akitazama pembeni:
yule mzee wa Walungu, kitanda cha tano,
aliyemleta mwanawe kapondwa na lori.
Aliuza ng'ombe wawili na kiwanja.
Mwana akafa. Mzee akalipa ya mwana,
kisha akauliza, nani mwingine yumo humu ndani?
Zilizobaki akaziacha zote mezani.
Hakuuliza kama wewe ni mwema.
Hata jina lako nililiandika mimi.

Nililia pale kama aliyepigwa.
Kupewa kunauma. Kunakuvua
hata kile kitambaa cha deki ulichojifunika.

Nikafungua fundo la kitenge.
Jasho lilikuwa limeilainisha karatasi,
na mkono uliinyoosha ukitetemeka.
Papa Mudahama alisoma muhuri,
uso wangu hakuutazama,
akavuta mnyororo.

Nje, mvua. Tope jekundu la mteremko,
ziwa kule chini limefifia kama bati kuukuu.
Mwana mgongoni amelala, hajui lolote,
naye ametoka kwa karatasi ileile.

Jumapili mchungaji alilitaja neno neema.
Wengine waliliandika daftarini.
Mimi nilinusa klorini,
nikamwona Mwana mwingine, kilima kingine,
na Baba asiyebakiza kitu mfukoni
akiulizia sisi wa chumba cha nyuma.
Miaka yote nilikuwa nimemwimbia Yesu
huku nachora mistari.
Sikuwa na cha kuongeza. Nikasema tu: ndiyo,
kwa sauti ndogo, mtoto akinyonya.

Siku hizi kila Jumamosi narudi kule.
Nafua shuka, nasugua korido.
Ukutani mkaa wangu umepakwa chokaa,
na sijachora mwingine.
Jioni natoka, mikono inanuka sabuni,
na Papa Mudahama, akimenya karanga zake,
hata haulizi karatasi.