Wekundu wa Wanawake

Bibi Helju hapimi. Anashindilia maua chupani
mpaka kifuniko kinung'unike, kisha anamimina
mafuta ya alizeti, taratibu, yapenye kila pembe.
Ni Juni kisiwani Saaremaa, jua halina usingizi;
saa nne za usiku bado linachungulia dirishani
kama mgeni aliyesahau kuaga.

Maua ni ya manjano. Mafuta yanatoka mekundu.
Siku ya tatu, rangi ya chai. Ya kumi na mbili, kutu.
Ya arubaini, damu.
Ndiyo maana huku mmea huu unaitwa naistepuna,
wekundu wa wanawake,
na hakuna anayeona haja ya kueleza zaidi.

Mimi napima. Nilisomea Tartu, nina mizani
inayosikia uzito wa kope.
Mafuta ya maua, gramu ishirini. Nta, nne. Maji, sabini.
Maji na mafuta, majirani wasiosalimiana:
nawatafutia mshenga, unga mweupe kijiko kimoja,
nakoroga motoni mpaka wasahau walichogombania.

Mwaka wa kwanza niliyachuma yakiwa na umande,
nikajiona nimewahi. Kufika Agosti
chupa ilikuwa imeota ndevu za kijivu.
Bibi hakusema neno. Aliimwaga kwenye mboji,
akanionyesha ngazi ya darini
alikokuwa ameanika ya kwake, makavu, yakilia kama karatasi.

Sasa ni Januari. Mikono yake, miaka sitini ya kukama,
imepasuka kama barafu ya bwawa
mtoto anapoijaribu kwa kisigino.
Namletea krimu yangu kwenye kopo lenye lebo.
Anainusa. Anaigeuza. Anatoka nayo kwenda zizini.

Wa kwanza kupakwa ni Punik,
chuchu zimekakamaa kwa baridi.
"Ng'ombe," anasema Bibi, "hana adabu ya kukusifia bure."
Tunasubiri, pumzi zetu moshi.
Punik anacheua. Mguu hauondoi.

Ndipo Bibi anachota kwa kidole, kiasi cha punje ya dengu,
anaziba nyufa zake moja moja
kama anayekandika ukuta kabla ya mvua.
"Maji mengi," anasema. "Mwakani punguza."

Mkono mtupu haulambwi.
Punik anageuza shingo, anatoa ulimi mpana,
anaufuata ule wa Bibi
mpaka kamba inapoishia.