Picha ya Novemba

Bwana Kornél anataka picha kumi na mbili,
na hataki mtu hata mmoja ndani yake.
"Nani atanunua kalenda," anauliza,
"amtazame mpita njia akipenga kamasi mbele ya kanisa?"
Hataki nyaya za tramu. Hataki majukwaa ya mafundi.
Njiwa ndio kabisa: njiwa huchafua mawe
yaliyosuguliwa kwa kodi zetu.

Basi naamka saa tisa usiku,
kiweko begani kama mchimba makaburi na chepeo lake,
nalivuka Daraja la Minyororo mji haujapiga mwayo.
Simba wa mawe wako pale pale, vinywa wazi.
Watu wa Budapest husema fundi aliwasahau ndimi.
Miaka kumi na minane nawachungulia kooni kwa lenzi ndefu;
jibu ninalo, ila silitoi bure.

Kisha Bunge. Ng'ambo ya mto, minara imechongoka
kama penseli za siku ya kwanza ya shule,
na Danubi, asiye na adabu kwa wakubwa,
ameligeuza kichwa chini miguu juu.
Taa zikizimwa, kabla jua halijatoka,
kuna dakika sita ambazo jiwe halina mwenyewe:
si la usiku, si la mchana, si la serikali.
Hapo ndipo nabonyeza.
Hapo ndipo mvuvi mmoja wa mjini, kila mwaka yule yule,
hukohoa chini ya ukuta, nami husubiri akohoe amalize,
utadhani kikohozi nacho huonekana pichani.

Januari hadi Oktoba zilikuwa tayari.
Nilikuwa naitafuta kahawa tu, Wilaya ya Nane,
miguu ikanipeleka nyumba namba kumi na nne.
Nilizaliwa humo, ghorofa ya pili, mlango wenye kitasa kilicholegea.
Ua ule ule wa mraba, roshani za chuma zimeuzunguka,
na ukuta wa kushoto, wenye matundu ya risasi
za mwaka ambao babu aliutaja kwa tarakimu tupu,
kama mtu anayetaja namba ya chumba cha hospitali.

Nayajua matundu yale kwa vidole.
Hili la shahada. Hili la gumba.
Hili kubwa, karibu na bomba, nilificha sukari ya donge,
na sisimizi wakanisaliti.

Fundi Szilárd alikuwa na mwiko na ndoo ya lipu,
redio ikimsomea matokeo ya mpira,
akiziba moja baada ya jingine bila chuki yoyote.
Nikamgeukia Bi Etelka wa chini, mwenye ufagio,
nikingoja alie nami.
"Heri!" akasema. "Miaka arobaini nafagia vumbi la matundu hayo.
Wewe ulihama. Ufagio ulibaki na nani?"

Sikuwa na la kujibu. Nilikuwa na filamu, kipande kimoja.

Nikapiga bila kuweka kiweko, mkono ukitikisika kidogo:
nusu ya ukuta nyeupe kama shavu lililonyolewa,
nusu bado ya ndui,
Szilárd na kisogo chake, Bi Etelka kafumba jicho moja,
waya wa redio, jukwaa la mbao, ndoo,
na kivuli changu kimeingia bila kubisha hodi.

Bwana Kornél alizipanga mezani kama karata.
Simba, sawa. Basilika, sawa. Bunge, akatabasamu.
Akaifikia ile.
"Na hii?"
"Novemba."
Akavaa miwani. Akakaa kimya muda wa kuchemsha yai.
Kidole chake cha shahada kilitembea juu ya karatasi,
polepole, kikashuka hadi kwenye tundu lililo karibu na bomba,
kikasimama hapo, kikabonyeza kidogo
kana kwamba karatasi ingekubali kuingia ndani.
Sikumuuliza alikulia nyumba namba ngapi.

"Kuna njiwa hapa juu," akasema hatimaye.
Nikainama nitazame.
"Yupo," nikasema.