Mizani ya Viazi

Duitama, saa kumi na mbili asubuhi, baridi inauma masikio.
Nimeazima mizani ya viazi ya Doña Briceida
na juu ya udongo mkavu wa soko la jana
naweka jozi ya kwanza:
ringi nyembamba, njiti kama uzi wa buibui.
Kisha ya pili, ya kaboni, kina chake kiganja kizima,
nyeusi kama sufuria ya kuni.
Imezidi gramu mia tatu.
"Umeona?" asema Eliécer.
Nimeona viazi vitatu.

Ubishi huu ameulea tangu Pasaka.
Wepesi, asema, ndio ufunguo wa mlima.
Mimi nimekaza njiti miaka kumi na tisa; nikamjibu,
mlima unaupanda mara moja, upepo unaupanda siku nzima.

Basi tukapima.
Miguu ileile, supu ileile ya maziwa na yai,
na saa yangu shingoni.
Kwenye mwinuko wa kanisani nyepesi zilishinda
kwa sekunde tano.
Muda wa kupenga kamasi.

Bondeni, njia ya Paipa, upepo usoni,
zile nene zikarudisha sekunde ishirini na sita,
ila penye tanuri za matofali mbwa alimfukuza,
na mbwa huyo sijui nimtoe kwa hesabu gani.

Mara ya tatu lori la saruji likampita.
Upepo wa ubavu ukaisukuma ringi kama mtu anayesukuma mlango.
Alirudi midomo myeupe, vidole vimeganda kwenye breki.
Nikagonga kaboni kwa ukucha: mbio za sakafuni
huishia ukingoni, na ukingo wenyewe ndio huu.
Hakucheka.
Nami sikutaja kilo nne alizoongeza tangu Krismasi,
maana tumbo halikualikwa mizanini.

Akachukua zile nene.
Si kwa ajili ya sekunde, alisema, akitazama chini:
ukifika mwendo wa kweli zinavuma,
kama mtu anayepuliza mdomo wa chupa tupu.
Nusu alilipa, nusu Julai.

Niliporudisha mizani, Doña Briceida aliuliza
hayo magurudumu kilo ni bei gani.
Nikamtajia.
Akaifuta mizani kwa aproni,
taratibu,
mara mbili.