Mizani ya Sonara

Mwalimu Mwachofi alisema, vumbi la chaki likimjaa ndevuni:
"Mayai kwa dazeni, boriti kwa korija,
atomi kwa moli. Msilitishike neno.
Ni kibaba tu, ila ukikijaza chembe moja moja
utakufa hujafunika chini."
Tukacheka. Nikaandika: gramu, gawanya kwa masi ya moli.
Nikapigia mstari. Sikuelewa.

Nilielewa Jumamosi, Mji wa Kale, dukani kwa Jethalal,
feni ikizunguka bila upepo.
Mama alijipaka sabuni,
bangili ikagoma penye kifundo, ikagoma, ikatoka,
ikamwachia duara la ngozi isiyojua jua.
Karo ya muhula wa tatu.

Sonara akaiweka kisahanini,
akafunga kimlango cha kioo, pumzi zetu zisije zikauzwa.
Ishirini na moja nukta tano.
"Karati ishirini na mbili," akasema,
mama akaitikia kama anayeitikia dua.

Nami kichwani, sikuombwa:
zidisha kwa ishirini na mbili, gawa kwa ishirini na nne.
Dhahabu tupu, gramu kumi na tisa nukta saba.
Kwenye jedwali, mia tisini na saba.
Gawanya.
Sehemu ya kumi ya moli, kamili,
kama swali lililotungwa na mwalimu mvivu.

Kisha mama akatoa risiti ya harusi, imekunjika mara nne:
ishirini na moja nukta nane.
"Imelika," alisema Jethalal. "Hulika."
Hakuuliza imelikia wapi.

Nukta tatu. Nikarudia hesabu kwa kidole pajani:
nane, na nyuma yake sifuri ishirini.
Atomi zote hizo, miaka kumi na saba,
kwenye masufuria, kwenye kanga zikifuliwa,
kwenye unga wa chapati tuliokula tukalala,
na mgongoni pangu, nilipokuwa naogeshwa nikilia.

"Wahesabu nini?"
"Ya shule, mama."

Jethalal alilipa zilizobaki, noti kwa noti, akilowesha kidole.
Usiku mama alikanda unga, mkono mwepesi,
hauna tena mlio wake.
Nami nikatafuna polepole.