Glovu Mbili za Kushoto

Tartu, Februari. Dirishani mto Emajõgi umeganda,
na mimi tangu alasiri ninaganda nao
mbele ya bakuli la asetoni na barafu kavu:
sabini na nane chini ya sifuri.
"Ikipanda, umekwisha," alisema Profesa Põldsaar,
akavaa koti, akaenda zake kula supu.

Ninachokisaka ni kidogo kuliko nukta:
kaboni moja iliyoshikwa na majirani wanne,
hakuna hata wawili wanaofanana,
na kwa sababu hiyo ina mkono.
Asidi ni ileile, uzito uleule,
huyeyuka kwenye joto lilelile,
ila mmoja huingia mwilini kama ufunguo
na pacha wake wa kwenye kioo
husimama mlangoni akihangaika na kitasa.

Mara tatu nimepata sifuri.
Nilichuja, nikakausha, nikapitisha mwanga mrijani,
ukatoka kama ulivyoingia:
wa kulia wanauvuta huku, wa kushoto kule,
nusu kwa nusu, vuta nikuvute,
mwamuzi hana la kuandika.
"Sifuri nayo ni jibu," Põldsaar akasema.
Ndiyo. Hata "sikutaki" ni jibu.

Safari hii nimeajiri mshenga.
Nimemfunga kwenye asidi kwa kifundo cha naitrojeni,
pete ndogo yenye mabega mapana,
naye ameziba upande wa kulia wa mlango.
Atakayekuja, aje kwa kushoto.
Mshenga haolewi. Harusi ikiisha nitamkata,
aondoke mzima kama alivyokuja,
kesho nimtume kwingine.
Lakini uaminifu wake ni wa baridi tu.
Joto likipanda kidogo anasinzia,
na wageni wanapita popote.

Saa nane usiku. Naongeza barafu kavu.
Moshi unateremka mezani, unanilamba magoti.
Kaido wa zamu anamulika tochi,
anauliza kama nina kwetu.
Namwonyesha glovu.

Bibi Hilja alizifuma kule Võru, macho yameingia ukungu.
Alizaliwa wa shoto. Shuleni mwalimu
aliufunga mkono ule kwa utepe kwenye kiti,
akajifunza kuandika kwa mkono wa watu.
Kwenye sindano za kufumia hakuna aliyemkagua.
Krismasi ilipofika akanipa jozi,
nyota nyekundu mgongoni, uzi mzito wa kondoo.
Nikavaa ya kwanza. Nikavaa ya pili.
Zote za kushoto.
Mama alicheka mpaka akapaliwa.
Bibi akazipapasa, moja, nyingine, tena ya kwanza,
akasema, "Basi tafuta mkono mwingine."

Majira ya baridi mawili nimezivaa.
Mkono wa kulia, nyota inatazama kiganjani
na kidole gumba kinateseka kimya.

Kumekucha bila jua. Nimekata kifundo, nimeosha,
nimempata mshenga wangu chini ya chupa, mweupe, hana habari.
Asidi nimeiweka mrijani, sikupumua.
Kasoro arobaini na moja.
Mwanga umepinda kushoto!
(Mwanga na mkono si kitu kimoja,
Põldsaar atanikumbusha akirudi na harufu ya supu.
Sawa. Mashine ya pili ikahesabu:
kwa kila mia, tisini na nane wa mkono niutakao,
wawili walipotea njia.)

Saa moja nikapiga simu Võru.
"Bibi, kosa lako ndilo kazi yangu.
Nimefuma gramu nzima ya glovu za upande mmoja."
"Zote za kushoto?"
"Karibu zote."
Nikasikia birika lake likianza kulia, asiliondoe.
"Na ulimfunga nani?"

Nikaitazama ile chupa ndogo kwenye kishubaka.
"Mmoja, Bibi. Usiku mmoja tu.
Nimeshamfungua."